Ukiandika "mama" ikatoka ";q;q"

"Fundi, mashine imeingia virusi." Dada mwenye steshenari jirani yangu alifungua laptop ya mtumba aliyoinunua juzi, akaandika "mama". Ikatoka ;q;q. Akajaribu "maziwa", ikatoka ;qwizq.

"Hakuna virusi hapa, dada. Soma mstari wa juu wa herufi." Akasoma: A, Z, E, R, T, Y. Hiyo ni kibodi ya Kifaransa. Wabelgiji wanayo ya kwao inayofanana nayo, na ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi wameizoea. Muuzaji alipopiga Windows upya aliweka mpangilio wa Marekani, basi kitufe kilichoandikwa M kikawa nukta-mkato.

Kibodi yenyewe haijui herufi. Ukibonyeza kitufe inapeleka namba tu, na Windows ndiyo inayoamua namba hiyo ni herufi gani. Maandishi ya juu ya kitufe ni rangi. Kwa hiyo nusu ya kesi za namna hii huzimaliza bila bisibisi: naingia kwenye mipangilio ya lugha, naongeza kibodi ya Kifaransa, na mtu anahama kati ya mbili kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi.

Nilimfanyia hivyo. Herufi zikatii, na kusema kweli M kukaa mstari wa kati ni raha kwa anayeandika Kiswahili. Lakini kwenye kibodi hiyo tarakimu hazitoki mpaka ushike Shift, na mashine yake haina safu ya namba pembeni. Mtu anayeandika bei kutwa nzima! Baada ya siku tatu akarudi: "Fundi, nibadilishie tu."

Hapa ndipo wengi wanapotupa hela. Wanaagiza kibodi ya Kimarekani kwa sababu ndiyo wanayoijua, ikifika haiingii. Kabla ya kununua, tazama Enter. Za Ulaya zina Enter ndefu iliyosimama kwenye mistari miwili, Shift ya kushoto fupi, na kitufe kimoja cha ziada kati ya hiyo Shift na herufi inayofuata. Za Marekani zina Enter iliyolala na Shift ndefu. Kwenye laptop nyingi za sasa kila kitufe kinachomoza kwenye tundu lake la fremu, na tundu hazibadilishwi na programu yoyote. Dawa ni kibodi ya Uingereza: herufi ni zile zile tulizozoea za QWERTY, umbo ni la Ulaya, inakaa kwenye fremu ile ile.

Jina la modeli peke yake halitoshi. Chomoa kibodi ya zamani, piga picha namba iliyo mgongoni, kisha hesabu tepe, yaani nyaya bapa zinazoiunganisha na mashine, maana yenye taa mara nyingi ina utepe wa pili. Na utepe usiuvute. Nyanyua kwanza kile kibanio chembamba kinachoushika. Mimi niliwahi kukivunja kwa haraka zangu, nikalipa mfukoni. Mashine nyingine kibodi imegandishwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, hapo bora ununue na fremu yake, kazi ni ndogo na haichezi.

Ya dada ilikuwa ya skrubu, nikamaliza kabla chai haijapoa. Jioni akanitumia ujumbe: "Fundi, namba zinatoka safi. Ila nabonyeza @ inatoka alama ya kunukuu."

Nilicheka peke yangu. Kwa Waingereza @ iko karibu na Enter, kwa Wamarekani iko kwenye 2. Nilifunga kibodi ya Uingereza, nikaiacha Windows bado iko Marekani.