Kuchunguza uraibu kwa picha za ubongo: maana yake

Ni kutumia mashine zinazoonyesha ubongo wa mtu aliye hai ukiwa kazini, ili kujua dawa za kulevya zimeubadilisha wapi na kwa kiasi gani.

Mashine ya MRI hufuatilia damu. Eneo la ubongo linaloshughulika huletewa damu yenye oksijeni nyingi, na sumaku huitambua tofauti hiyo. Mtu aliyeacha kokeini akionyeshwa humo video ya watu wanaovuta, maeneo ya hamu huchangamka ingawa hajagusa chochote. Zile rangi nyekundu na njano zinazoonekana kwenye picha hizo hupakwa na kompyuta baada ya hesabu nyingi. Si picha ya uraibu wenyewe.

PET, mashine nyingine ya kupiga picha za ubongo, huchimba zaidi. Mtu hudungwa kemikali yenye mionzi kidogo, kwa mfano raklopraidi iliyotiwa kaboni-11, ambayo kila baada ya dakika 20 hivi hubaki nusu, kwa hiyo hutengenezwa palepale karibu na chumba cha kipimo. Raklopraidi hunasa kwenye vipokezi vya aina ya D2, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha. Dopamini ikimwagika, huvikalia vipokezi hivyo na raklopraidi hukosa nafasi. Pengo hilo ndilo linalopimwa. Kwa PET, mtafiti Nora Volkow na wenzake katika maabara ya Brookhaven, Marekani, waliona kuwa watumiaji wa kokeini wana vipokezi vya D2 vichache kuliko wasiotumia, hata miezi kadhaa baada ya kuacha. Upungufu huo ulikwenda sambamba na kuzorota kwa sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayoitegemea kujizuia. Hapa ndipo ninapoumia nikisikia mraibu akiambiwa "jikaze tu": anaambiwa atumie kile kile kilichodhoofika.

Si kwamba hakuna nafuu. Kwa walioacha methamfetamini, dawa nyingine ya kulevya, kwa mwaka na zaidi, sehemu ya mfumo wa dopamini ilionekana kurejea.

Lakini matokeo haya ni wastani wa makundi. Hakuna daktari anayeweza kutazama picha moja akasema huyu ni mraibu. Tena, huenda vipokezi vilikuwa vichache kabla ya dawa. Ndiyo maana utafiti wa ABCD nchini Marekani ulisajili watoto zaidi ya 11,000 wa miaka 9 na 10, wakapigwa picha mapema, na unaendelea kuwafuatilia wanapokua.