Machicha ya Kahawa Kwenye Vyungu vya Mboga: Kwa Nini Nayapitisha Kwenye Mboji Kwanza

Machicha ya kahawa yana sura inayowadanganya wengi. Ni meusi, ni laini, yana harufu nzuri na yanafanana kabisa na udongo wenye rutuba, kiasi kwamba mtu akishamimina kahawa yake huona ni hasara kuyatupa ilhali chungu cha nyanya kipo hatua chache tu kutoka jikoni. Nimekagua vyungu vingi vya mboga zilizodumaa pasipo dalili ya ugonjwa wala wadudu, na mara nyingi nikikwangua juu ya udongo kwa kidole nakuta tabaka jeusi la machicha lililowekwa kila asubuhi kwa nia njema.

Mimi mwenyewe sikuanza nikiwa mwerevu zaidi. Miaka kadhaa iliyopita nilijaza ndoo mbili za lita 10 udongo uleule, kisha katika ndoo moja nikachanganya sehemu moja ya machicha mabichi kwa sehemu nne za udongo. Nilipanda saladi katika ndoo zote mbili siku moja. Kufikia wiki ya tatu saladi za ndoo ya kwanza, ile isiyo na machicha, zilikuwa zimejaza kiganja, na zile za ndoo ya pili zilikuwa bado na majani manne ya rangi ya njano iliyopauka. Nilipong'oa mche mmoja na kuusuuza nikaona mizizi mifupi, myembamba, yenye ncha zilizogeuka rangi ya kahawia.

Chanzo chake hasa ni nini? Watu wengi hutaja tindikali, na hapo ndipo wanapokosea. Sehemu kubwa ya tindikali ya kahawa huyeyuka kwenye maji ya moto na kuingia kikombeni, hivyo machicha yanayobaki mara nyingi huwa na pH (kipimo cha tindikali) iliyo karibu na 6.5, ambayo mboga nyingi huipenda. Vipimo hutofautiana sana baina ya machicha na machicha, na kwa sababu hiyohiyo simshauri mtu ayategemee kushusha pH ya udongo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kafeini pamoja na kemikali nyingine ambazo maji ya moto hayazimalizi zote. Kafeini si kiburudisho kwa mmea. Mbuni, yaani mti wa kahawa, huitengeneza ili kujikinga na wadudu, na ikidondoka ardhini huweza kuzuia mbegu na mizizi ya mimea jirani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha matokeo ya kuchanganya machicha moja kwa moja kwenye udongo uliooteshwa brokoli, liki, figili na maua, na mimea yote ilikua vibaya, bila kujali aina ya udongo wala mbolea iliyoongezwa. Walipochunguza, pH na upatikanaji wa naitrojeni havikutosha kueleza kudumaa huko, na kwa hiyo wakaona kuwa athari za sumu kwa mimea ndizo maelezo yanayofaa zaidi.

Naitrojeni nayo inahitaji neno. Ni kweli kwamba machicha yana takriban asilimia 2 ya naitrojeni kwa uzito, lakini imefungwa ndani ya protini, na mmea hauwezi kuitumia mpaka bakteria na kuvu waivunjevunje. Viumbe hao nao wanahitaji naitrojeni ili waongezeke, na wakati wanayala machicha wanaweza kuchota hata ile iliyokuwa tayari kwa mizizi. Shambani jambo hili halionekani sana, kwa kuwa mizizi husogea kwingine, mvua husuuza, na nyungunyungu husambaza kila kitu. Ndani ya ndoo ya lita 10 mizizi haina pa kukimbilia, na kiganja kimoja cha machicha kikiongezwa kila siku kwa mwezi mmoja huwa ni sehemu kubwa ya makazi yote ya mmea.

Tatizo la mwisho linaonekana kwa macho. Chembe za machicha ni ndogo na hushikana, na zikikauka hugeuka ukoko unaokataa maji. Mwagilia chungu chenye ukoko huo ukitazama kwa karibu: maji husimama kwanza kama matone ya duara, kisha huteleza hadi ukingoni na kushuka kati ya udongo na ukuta wa chungu, yakatokea chini kwenye matundu. Mwenye chungu akiyaona sahanini huamini amemwagilia vya kutosha, kumbe katikati ya udongo ni pakavu.

Kwa hiyo nayapitisha kwenye mboji. Machicha ni malighafi nzuri sana ya mboji, na ingawa rangi yake ni kahawia, nayahesabu pamoja na vitu vibichi, kama maganda ya mboga, kwa sababu ya naitrojeni yake. Sizidishi sehemu moja kati ya tano za rundo zima kwa ujazo. Sehemu iliyobaki ni majani makavu, vipande vya maboksi na mabaki ya jikoni. Karatasi ya kuchujia huingia pamoja na machicha yake. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa, na rundo nalipindua kila wiki ili hewa ipite. Machicha yakiachwa bakulini yakiwa mabichi huota ukungu ndani ya siku chache. Ukungu huo haulidhuru rundo, lakini nikikusanya kwa ajili ya baadaye nayatandaza kwenye sinia yakauke kwanza. Mwenye mbwa alifunike rundo vizuri, kwani kafeini ni sumu kwa mbwa.

Naulizwa pia kuhusu konokono. Mwaka 2002 watafiti huko Hawaii walionyesha kuwa mmumunyo wa kafeini wa asilimia 1 hadi 2 huua konokono, na tangu hapo watu wamekuwa wakizungushia vyungu machicha. Kahawa ya kikombe ina takriban asilimia 0.05 tu, na machicha yaliyokwisha kukamuliwa ndiyo hata sitegemei. Okota konokono kwa mkono wakati wa usiku.

Kabla ya kuitia mboji kwenye vyungu naipima kwa mbegu za figili, kwa sababu huota haraka na hazivumilii sumu. Napanda mbegu 10 kwenye kopo lenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na 10 nyingine kwenye udongo mtupu. Baada ya wiki moja nahesabu zilizoota na kung'oa michache nitazame mizizi. Ikilingana, naitumia mboji kwa robo ya ujazo wa chungu, na nyanya na pilipili bado nazipa mbolea yenye potasiamu zinapoanza kutoa maua. Mizizi ya kopo la mboji ikiwa mifupi, naurudisha mzigo wote kwenye rundo kwa wiki tatu nyingine, kisha napanda mbegu upya.