Chimurenga ni nini, na nani anayezihesabu?

Kwa msemaji wa Kiswahili neno hili si geni kama linavyosikika. Chi- ya Kishona ni ndugu wa ki- yetu: kama sisi tunavyosema "kifalme" tukimaanisha namna ya wafalme, chimurenga ni namna ya Murenga. Murenga mwenyewe, kwa masimulizi ya Washona, ni mhenga wa zamani sana, shujaa ambaye jina lake liliitwa watu walipoingia vitani. Siku hizi neno hilo ni jina la vita vya kuikomboa Zimbabwe, ni jina la muziki, na wanasiasa wamelitia namba: Chimurenga ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu. Ugomvi wote uko kwenye hizo namba.

Ya Kwanza ni vita vya 1896 na 1897. Septemba 1890 msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes, bepari wa Kiingereza, ulipandisha bendera mahali ambapo leo ni Harare. Iliyotawala ilikuwa kampuni, yenye wanahisa na hesabu za faida, na ilikaa hapo mpaka 1923. Mwaka 1893 ilimpiga mfalme Lobengula wa Wandebele na kutwaa ng'ombe wa watu wake, kisha ikaleta kodi ya nyumba, shilingi 10 kila moja, na kukamata wanaume wakafanye kazi mashambani na migodini. Mwaka 1896 ikaingia sotoka. Katika kuzuia maradhi yasienee, maofisa waliwapiga risasi hata ng'ombe wazima. Fikiria mfugaji anayetazama hayo, na nzige nao wamemlia shamba. Askari wengi wa kampuni hawakuwapo, kwa sababu walikwenda Transvaal, Afrika Kusini, na Jameson, mtawala wa kampuni, kujaribu kuipindua serikali ya Makaburu, wakakamatwa. Machi Wandebele wakaamka. Juni wakafuata Washona.

Wandebele, tena, hawasemi chimurenga. Wao vita vile huviita Umvukela. Ukichagua jina umeshachagua upande wa kusimulia, jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka.

Mtu anayekumbukwa zaidi ni Mbuya Nehanda, yaani Bibi Nehanda. Nehanda ni jina la mzimu. Mwanamke aliyekuwa kiti chake, kwa Kishona svikiro, aliitwa Charwe. Waingereza walimnyonga Aprili 1898 kwa kosa la mauaji ya ofisa mmoja wa kampuni, na inasimuliwa kuwa aliacha neno: mifupa yangu itafufuka. Kwa kuwa mzimu haunyongwi, hakukuwa na ajabu kwamba mapema miaka ya 1970 wapiganaji wa msituni walimkuta bibi kizee mwingine katika bonde la Zambezi, naye ni kiti cha Nehanda. Wakamvusha mpaka, akakaa nao akiwapa miiko ya porini, akafia kambini mwaka 1973.

Hao ndio wa Chimurenga ya Pili. Na vita vya 1896 viliitwa vya Kwanza kwa sababu yao, maana hakuna anayeitwa kifungua mimba kabla hajazaliwa mdogo wake. Dar es Salaam ina mkono wake hapa. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia, yaani Zimbabwe ya kikoloni, mwaka 1963, alikuja kufundisha chuo kikuu chetu, na akiwa hapa akatoa kitabu kilichowapa masvikiro nafasi kubwa katika kuunganisha vita vile. Wanahistoria waliomfuata walibisha, wakasema alizidisha chumvi, lakini wapigania uhuru walikuwa wameshakisoma na kupata nasaba waliyokuwa wakiitafuta.

Ya Pili yenyewe, kwa hesabu ya chama cha ZANU, ilianza tarehe 28 Aprili 1966 huko Chinhoyi, wapiganaji wake saba walipouawa katika mapambano na majeshi ya Ian Smith, ambaye Novemba 1965 alikuwa amejitangazia uhuru wa Wazungu wachache. Watu wa ZAPU, chama cha Joshua Nkomo, hawaikubali tarehe hiyo, kwani wao walishaanza hujuma kabla yake. Wapiganaji wa ZANU walifundishwa pia Tanzania, na ni katika kambi ya Mgagao, mkoani Iringa, ambako mwaka 1975 maofisa wao waliandika azimio la kumkataa kiongozi wao Ndabaningi Sithole na kumtaja Robert Mugabe kuwa msemaji wao.

Kijijini vita hivyo vilikuwa na sura nyingine. Usiku uliitishwa pungwe: mkutano, nyimbo na siasa mpaka alfajiri. Wavulana walioitwa mujibha walipeleleza na kupeleka habari, wasichana walioitwa chimbwido walibeba sadza, ugali wao, na kuku kwenda porini. Aliyenyoshewa kidole kuwa mutengesi, msaliti, aliweza kuuawa mbele ya jirani zake. Nyimbo zile, zikichanganywa na gitaa lililoiga mbira, ala ya Kishona ya vibao vya chuma, ndizo zilizozaa muziki wa chimurenga. Thomas Mapfumo, aliyewekwa kizuizini kwa ajili yake wakati wa Smith, baada ya uhuru alitumia muziki huohuo kuimba rushwa ya wakubwa wapya.

Uhuru ulikuja tarehe 18 Aprili 1980. Ya Tatu ikatangazwa miaka 20 baadaye. Februari 2000 serikali ilishindwa kura ya maoni ya katiba, na wiki zilezile wapiganaji wastaafu wakaanza kuvamia mashamba ya Wazungu. Mugabe akaita hiyo Chimurenga ya Tatu. Mtaani watu waliita jambanja, vurugu. Dai la ardhi lilikuwa la haki, hilo silipingi, ila jina lilitolewa wakati chama kinahitaji kura.

Kuna vita ambavyo havikupewa namba. Tangu 1983 kikosi cha tano cha jeshi, kilichofundishwa na Wakorea Kaskazini, kiliua raia Matabeleland na Midlands. Makadirio yanayotajwa mara nyingi hufika 20,000. Jina lake ni Gukurahundi, mvua ya kwanza inayosomba makapi.

Mwaka 2021 sanamu ya Mbuya Nehanda ilizinduliwa Harare, kwenye makutano ya barabara za Julius Nyerere na Samora Machel. Sanamu ya awali watu waliicheka mitandaoni: ilimwonyesha mwanamke kijana, amenona. Mchongaji akarudi kazini. Picha ya Charwe iliyopigwa akiwa mfungwa ipo, amesimama ukutani pamoja na Kaguvi, svikiro mwenzake, na ni ya mwanamke mzee aliyekonda.