Cicely Williams na Ugonjwa Ambao Kina Mama Walikwishaupa Jina

Mtoto mwenye unyafuzi, yaani utapiamlo unaovimbisha mwili, anaweza kuidanganya familia nzima. Mashavu yamejaa, miguu imetuna, watu wanasema kanenepa. Mbonyeze upande wa juu wa unyayo kwa kidole gumba, hesabu sekunde tatu, achia. Kishimo kikibaki, na mguu wa pili ukiwa vivyo hivyo, yale ni maji. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jina la kitabibu la ugonjwa huu, kwashiorkor, tumelipata kwa Cicely Williams, daktari wa watoto aliyezaliwa Jamaica mwaka 1893 na kusomea udaktari Oxford. Mwaka 1929 alipelekwa Gold Coast, Ghana ya leo. Mjini Accra aliwaona watoto walioanza kutembea wakivimba, nywele zikipauka, ngozi ikibambuka, na wengi wakifa. Vitabu vyake havikumsaidia. Akawauliza kina mama.

Wao jina walikuwa nalo. Katika lugha ya Waga, wenyeji wa Accra, kwashiorkor ni ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Kwangu mimi, jina hilo ni nusu ya utafiti, maana chanzo kimo ndani yake: mtoto kaachishwa ziwa ghafla, kabaki na uji mtupu wa mahindi, usio na protini ya kutosha. Williams alichapisha maelezo yake mwaka 1933, wakubwa wa fani wakambishia kwamba hiyo ni pelagra tu, ugonjwa wa kukosa vitamini B3. Mwaka 1935 akarudi katika jarida la kitabibu la Lancet, safari hii akilitumia jina la kina mama wale. Sasa tunajua upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu, ila picha aliyoichora ya mgonjwa haijabadilika.

Katika nchi ya Malaya (leo sehemu ya Malaysia, pamoja na Singapore), alikohamishiwa baadaye, watoto wachanga walikuwa wakifa kwa kunyweshwa maziwa ya kopo yenye sukari badala ya ya mama. Mwaka 1939, mjini Singapore, alitoa hotuba aliyoiita “Maziwa na Mauaji”, akataka vifo hivyo vihesabiwe kuwa mauaji. Wajapani walipoiteka nchi wakamfunga. Alitoka hai, na mwaka 1948 akaongoza kitengo cha kwanza cha afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani.

Mama aliyeshika mimba nyingine, kwa kawaida hana haja ya kumwachisha mkubwa kunyonya. Amwongezee maharage, mayai, dagaa au maziwa. Na akiletwa kwetu kituoni mtoto aliyevimba miguu, swali la mapema kabisa tunalomuuliza mama ni kama ana mtoto mwingine mdogo zaidi.