GB nyingi si ndo spidi ya kadi ya grafiksi

Wadau wa Tanga, ile meseji ya kadi za grafiksi (zile zinazochora picha kwenye kompyuta) kwamba "kadi yenye GB nyingi ndo yenye spidi" inazunguka tena kwenye magrupu, na si kweli. GB ni ukubwa wa memori, yaani stoo tu ya kuwekea picha za gemu, na stoo haipiki; wanaopika ni kore, vichakataji vidogo vidogo ndani ya kadi. Chukua kadi mbili, GT 730 ya GB 4 na GTX 1050 ya GB 2, hii ya pili ina kore 640 na memori ya GDDR5 (aina yenye kasi), ile ya kwanza mara nyingi kore 384 za kizamani na DDR3 inayojikokota, so ya GB 2 inaiacha mbali. Tunachanganywa na boksi, GB ndo zimeandikwa kubwa. Ukinunua yuzdi pale Ngamiani mwambie fundi aiwashe afungue GPU-Z (programu inayoonyesha sifa za kadi), usome kore na aina ya memori. Na hiyo meseji msiifowadi tena jamani.