Je, wajua kwa nini mvinyo wa Riesling hunukia mafuta ya taa?

Fungua chupa ya Riesling iliyolala ghalani miaka kumi, nusa glasi, na huenda harufu ya kwanza ikawa ya mafuta ya taa. Mgeni hudhani mvinyo umeharibika. Mwonjaji mzoefu huacha kubahatisha hapo hapo: ameshajua ni zabibu gani hata kabla ya kuonja.

Riesling ni zabibu nyeupe ya Ujerumani. Mwaka 1435 ununuzi wa miche yake uliandikwa katika hesabu za ghala la mvinyo mjini Rüsselsheim. Leo makao yake makuu ni miteremko ya mto Mosel na eneo la Rheingau, kisha Alsace upande wa Ufaransa, na Austria.

Hakuna tone la mafuta ndani ya chupa. Kinachonukia ni molekuli ambayo wanakemia huiita kwa kifupi TDN. Chanzo chake ni karotenoidi, rangi za asili za jamii moja na zile zinazoipa karoti rangi yake. Zabibu inapoiva, karotenoidi huvunjika, na baadhi ya vipande vyake hujifunga kwenye sukari. Vikiwa vimefungwa hivyo havinukii kitu, ndiyo maana Riesling changa hunukia ndimu, tofaa bichi na pichi. Lakini ndani ya chupa asidi haijalala. Inavifungua vipande hivyo polepole na kuvigeuza kuwa TDN, mwaka baada ya mwaka. Riesling ina asidi nyingi kuliko mivinyo mingi, na zabibu yake hubeba malighafi ya TDN kwa wingi usio wa kawaida. Mambo hayo mawili yamekutana katika chupa moja. Pua nayo haidai kingi: mikrogramu 2 hivi kwa lita zinatosha kuizindua.

Jua huongeza mambo. Vichala vilivyopigwa na jua kali hutoa TDN zaidi ya vilivyojificha chini ya majani, kwa hiyo mkulima anayepogoa majani mengi kuzunguka vichala anajiandalia harufu hiyo bila kukusudia. Ndiyo sababu Riesling ya Australia, nchi ya jua jingi, huweza kunukia mafuta ya taa ikiwa bado changa. Hata kizibo kina neno: koki hunyonya sehemu ya TDN, kifuniko cha kuzungusha huiacha yote mvinyoni. Wako watengenezaji wanaoihesabu harufu hii kuwa kasoro. Mimi naona umri ndio uamue. Katika mvinyo mzee, ikichanganyika na harufu ya asali, inapendeza. Katika mvinyo wa mwaka jana inanifanya nishuku kwamba zabibu ziliungua.

Wengine husema harufu inatoka kwenye mawe, kwa kuwa miteremko ya Mosel imejaa sleti nyeusi. Mzabibu haunyonyi ladha ya jiwe. Kazi ya sleti ni nyingine, nayo si ndogo: hushika joto la mchana na kulitoa usiku, jambo la maana katika bonde lililo karibu na latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, ambako zabibu huiva kwa taabu.

Basi utaitambuaje Riesling ikiwa bado changa? Usiipoze kupita kiasi. Nyuzi 8 hadi 10 zinatosha, baridi ikizidi harufu hufa. Onja, kisha sikiliza mate. Yakibubujika pembeni mwa ulimi, asidi iko juu. Tafuta siagi na vanila: ukizipata, huenda mkononi una Chardonnay, mvinyo mwingine mweupe, ya Burgundy huko Ufaransa, iliyokaa katika mapipa ya mwaloni, si Riesling. Harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi hukupeleka kwenye zabibu ya Sauvignon Blanc ya Sancerre, pia Ufaransa. Waridi likikupiga usoni, hiyo ni zabibu ya Gewürztraminer, na hapo hata asiyejua kitu hakosei.

Utamu ndio unaowachanganya wanunuzi, maana Riesling huwa kavu au tamu na chupa zinafanana. Neno la Kijerumani *trocken* kwenye lebo maana yake ni kavu. Usipoliona, soma asilimia ya kileo. Mvinyo wa Mosel wenye asilimia 8 kwa kawaida umebakiza sukari ambayo hamira haikuigeuza kuwa kileo. Ukifika 12 au zaidi, mara nyingi ni mkavu.

Asilimia hiyo hiyo ndiyo inayoamua chakula. Mkavu hukata mafuta, kwa hiyo Alsace huunywa na choucroute, yaani kabichi iliyochachushwa na kupikwa na soseji na nyama ya nguruwe. Samaki wa kukaushwa kwa moshi wanaupenda uliozeeka. Ule mtamu wa asilimia 8 watu huutunzia keki, na hapo wanaukosea, kwa sababu keki tamu kuliko mvinyo huufanya uonekane mchachu mtupu. Upeleke kwenye mchuzi wa nazi na pilipili wa Kithai: sukari yake hutuliza ulimi, na kileo chake kidogo hakichochei moto, tofauti na Chardonnay ya asilimia 14 inayoifanya pilipili ichome maradufu.