Emuleta inaonyesha kioo cheusi? Kabla hujalaumu gemu, angalia imepakiwaje kwenye memori

Swali tunaloulizwa sana na vijana wa hapa Mbeya, iwe maabara chuoni au pale bandani siku za Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, ni hili: nimeweka emuleta kwenye simu, gemu nimerushiwa na fundi wa Mwanjelwa, nikifungua inadai BIOS, au inawaka alafu kioo kinabaki cheusi tii, sasa gemu mbovu au simu yangu ndo haina nguvu? Mara nyingi si gemu wala simu. Shida iko kwenye ile nusu sekunde ya mwanzo, pale emuleta inapoweka vitu kwenye memori kabla ya prosesa kuanza kazi.

Emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine, na mashine ikiwashwa prosesa yake haijui faili wala folda wala jina la gemu, inachojua ni adresi moja tu ya kuanzia, na chochote kitakachokutwa pale itakitekeleza hata kama ni takataka. Kwahiyo kupakia gemu siyo kukopi faili tu. Kila baiti lazima ikae kwenye adresi ambayo mwandishi wa gemu aliitegemea. Mzigo wa viazi wa kwenda Ilala ukiushusha Makambako viazi ni vilevile, ila mwenye oda hana kitu.

Tuanze na hiyo BIOS maana ndo inasumbua wengi. PlayStation ya kwanza ikipata umeme prosesa inaenda moja kwa moja adresi 0xBFC00000 (hiyo 0x mbele inamaanisha namba ya heksadesimali, inayohesabu kwa 16), na pale kuna ROM, yani memori ya kusomwa tu, ya KB 512 yenye programu ya kuamsha mashine, hiyo ndo BIOS, ndo inayosoma CD na kuingiza gemu kwenye RAM ya MB 2. Ukiwa na gemu bila BIOS, prosesa inafika mahali hakuna kitu. Na BIOS ni mali ya Sony ndo maana wanaotengeneza emuleta hawaifungi humo ndani, na kuipakua ovyo mtandaoni ni kugusa mambo ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, msije mkasema hatukusema. PPSSPP, ile ya gemu za PSP, haidai BIOS kwa sababu waandishi wake waliziandika upya wao wenyewe kazi ambazo mfumo wa PSP ungezifanya.

Sasa kwa wale wanaotaka kuandika emuleta yao (na wapo, Mbeya hii hii), ushauri wetu ni uleule siku zote, anza na CHIP-8, lugha ndogo ya kuandikia gemu inayoigizwa kama mashine ndogo. Ilibuniwa na Joseph Weisbecker wa kampuni ya RCA miaka ya 1970 kwa ajili ya kompyuta ndogo ya COSMAC VIP iliyotoka 1977, na memori yake nzima ni baiti 4096, yani picha moja tu ya WhatsApp inaimeza mara nyingi. Baiti 512 za mwanzo zilikuwa makazi ya intapreta yenyewe (programu inayosoma maagizo ya CHIP-8 na kuyatekeleza), ndo maana programu zinaanzia adresi 0x200, yani 512, mpaka leo ingawa intapreta siku hizi haikai tena humo. Ukiipakia programu kuanzia 0x000 itaonekana kama inaanza vizuri, alafu ikifika kwenye agizo la kwanza la kuruka inapotea, kwa sababu adresi zilizoandikwa ndani yake zimehesabiwa toka 0x200.

Kuna data nyingine ambayo haimo kwenye faili la gemu kabisa, nayo ni maumbo ya herufi 0 mpaka F. Ni maumbo 16, kila moja baiti 5, jumla baiti 80, na kuyaweka ni kazi yako wewe mwenye emuleta, wengi wanayaweka kuanzia 0x050. Ukiyasahau gemu inacheza vizuri tu ila pointi hazionekani, na mtu anaweza kuhangaika wiki nzima anatafuta kosa kwenye kuchora. Alafu pima faili kabla hujaliingiza, nafasi iliyobaki ni baiti 3584 na si zaidi, ukiandika kwa lugha ya C bila kupima unaandika nje ya arei na hapo kinachoharibika ni programu yako halisi, siyo mashine ya kuigiza.

Ukitoka CHIP-8 wengi wanarukia NES, mashine ya gemu ya Nintendo, ndugu wa zile TV gemu za kuchomeka kaseti tulizokua nazo. Hapa pana uhondo. Faili la gemu yake linaanza na heda, yani utangulizi wa maelezo, ya baiti 16, herufi N, E, S kisha 0x1A, na heda hiyo haiingii kwenye memori ya mashine hata kidogo, inasomwa tu ili ujue kuna vipande vingapi vya programu vya KB 16 na vingapi vya picha vya KB 8. Prosesa nayo haianzi kwenye baiti ya kwanza ya programu kama wengi wanavyodhani, inasoma 0xFFFC na 0xFFFD, inaunganisha baiti hizo mbili, ile ya sehemu ndogo ya adresi ikitangulia, inapata adresi ya kwenda. Gemu ndogo zenye kipande kimoja cha KB 16 lazima zionekane mara mbili, 0x8000 na tena 0xC000, la sivyo pale 0xFFFC panakuwa patupu na kioo ndo hicho cheusi. Na kwa wa Windows mnaotumia C, fungueni faili kwa "rb" siyo "r", maana kwa "r" ile 0x1A inahesabika ni mwisho wa faili, unabaki na herufi tatu tu mkononi.

Kingine kifupi: mtu akibadilisha gemu bila kuzima emuleta, safisha RAM na rejista zote (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa) ndo upakie nyingine.

Njia ya kuhakiki ni kuchapisha memori kabla prosesa haijatekeleza agizo hata moja. Kwa CHIP-8 chukua ile programu ndogo ya nembo ya IBM ambayo kila mtu anajaribia, kwenye 0x200 unatakiwa uone 00 E0 A2 2A. Ukizikuta kwenye 0x000 hukuongeza 512. Ukikuta E0 00 2A A2, ulisoma faili baiti mbili mbili kama namba moja na kompyuta yako imezigeuza. Ukikuta sifuri tupu faili halijafunguka, cheki njia ya folda. Zikiwa sawa na bado kioo ni cheusi, hapo sasa nenda kwenye kodi ya prosesa.